Mtoto Hapati Mpira: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Anayewafundisha Watoto Kupiga Besiboli

Mtoto wa miaka sita anapokosa mpira mara tano mfululizo, mara nyingi kasoro haiko mwilini mwake. Gongo ni zito, au mpira umewekwa mahali pasipofaa, au mtu mzima anamrushia mpira wa juu unaoshuka kama embe lililoiva, au ameshaambiwa mambo manne kwa pumzi moja na sasa hajui ashike lipi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inachunguzwa kwa mpangilio uleule: vifaa, kisha mahali, kisha urushaji, na mwili wa mtoto mwisho kabisa.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 5 hadi 9, kwenye uwanja wa shule au kiwanja cha mtaani, hata pale ambapo vifaa vya dukani havipatikani. Besiboli kwetu si ngeni tena. Dar es Salaam ina uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Hata hivyo mtoto mdogo huuacha mchezo mapema sana akipiga hewa siku tatu mfululizo huku wenzake wanacheka. Siku hizo za mwanzo ndizo za kuzilinda.

Anza na vifaa

Gongo la mtoto wa miaka 5 au 6 liwe na urefu wa sentimita 61 hadi 66 na uzito wa gramu 310 hadi 400. Wa miaka 8 au 9 anaweza kubeba la sentimita 69 hadi 74, gramu 450 hadi 540. Kipimo ni rahisi: ashike gongo kwa mkono mmoja, anyooshe mkono ubavuni usawa wa bega, nawe uhesabu polepole hadi 15. Likianza kuinama kabla hujamaliza, ni zito kwake. Usiseme atalikulia. Shati la shule hununuliwa kubwa likasubiri mwili. Gongo kubwa humfundisha mtoto kupiga vibaya kuanzia siku ya kwanza.

Kama gongo la kiasi hicho halipo, kata mpini wa fagio sentimita 65, upige msasa, kisha zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli sentimita 20 za kushikia. Mpini huo unafaa kwa mpira wa soksi na wa tenisi tu.

Mpira rasmi wa besiboli una gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Wa tenisi una gramu 56 hadi 59. Kwa umri huu anza na mpira wa soksi kuukuu ulioshonwa vizuri, kisha wa tenisi. Ule mgumu uwekwe kando mpaka mtoto apige mipira ya tenisi bila woga, na hata hapo avae helmeti.

Kinara ni kile kisimamo cha kuwekea mpira ili mtoto aupige ukiwa umetulia. Chukua kopo la rangi la lita 4, lijaze zege, na kabla zege halijakauka simamisha katikati bomba la plastiki la inchi moja na nusu. Juu ya bomba chomeka kipande cha hosi ya rejeta, sentimita 15, ili gongo likikosea lipige hosi laini na si plastiki ngumu. Usilifunge bomba moja kwa moja: acha soketi kwenye zege, uwe na mabomba mawili, moja likiuweka mpira sentimita 45 kutoka chini na jingine sentimita 60. Kwa watoto wengi wa miaka 5 hadi 7, urefu huo ni kati ya katikati ya paja na kiuno.

Chora duara la mita 3 kuzunguka kinara. Anayeingia ni mpigaji peke yake. Wanaosubiri wakae nyuma ya alama iliyo mita 5 kutoka hapo, mikono mitupu, na magongo mengine yote yalale chini.

Anapiga kinara badala ya mpira

Gongo linapita chini, hosi inatoa mlio, mpira unadondoka hapohapo. Tazama mambo matatu.

La kwanza ni mahali aliposimama. Watu wazima wengi humsimamisha mtoto kinara kikiwa mkabala na tumbo lake. Hapo gongo linaufikia mpira kabla halijapata kasi, na mtoto analazimika kukunja viwiko ili aupate. Kinara kiwe mkabala na mguu wa mbele, yaani ule ulio upande wa mrushaji. Umbali wake upime hivi: akinyoosha mikono na gongo, katikati ya sehemu nene iguse mpira. Chora alama za nyayo kwa chaki au majivu ili kila anayekuja ajue pa kukanyaga. Hili peke yake huondoa nusu ya matatizo ya kinara, na halihitaji neno hata moja la kumsahihisha mtoto.

La pili ni urefu. Mpira ukizidi kiuno, mtoto mfupi huinua gongo kutoka chini kwenda juu kama anayetupa kitu darini. Weka bomba fupi.

La tatu ni macho. Mtoto hutazama kule anakotaka mpira uende, na kichwa kikigeuka bega linafuata. Kumwambia "tazama mpira" hakusaidii sana, kwa sababu yeye anaamini anautazama. Mpe sababu ya kuutazama: chora kwenye mpira nukta tatu za rangi, nyekundu, bluu na nyeusi, mwambie apige ile nyekundu, na baada ya kupiga muulize amepiga ipi. Jibu likiwa si sahihi, si kitu. Swali lenyewe ndilo linaloshika macho yake.

Kama yote matatu yako sawa na bado gongo linashuka, bega la nyuma ndilo linaloinama. Weka kigoda sentimita 50 nyuma ya kinara, na juu yake chupa tupu ya maji, mdomo wa chupa ukiwa chini ya mpira kwa takribani sentimita 15. Gongo likishuka mapema, chupa inaanguka. Watoto hulipenda zoezi hili kwa sababu chupa ndiyo inayowakosoa na kocha ananyamaza.

Mpira unadondoka miguuni mwake

Hapa gongo linaugusa mpira kwa juu, au linaugusa kwa ncha. Akigusa kwa juu, mara nyingi anakata kama anayepasua kuni, kwa sababu aliambiwa apige kwa nguvu. Ondoa neno nguvu. Tundika kanga kuukuu kwenye kamba mita 5 mbele yake, iachwe ilegee, na mwambie aitoboe katikati. Kanga inaumeza mpira, mpira hauendi mbali, na hakuna anayepoteza dakika kumi akiutafuta nyasini. Ukitaka kelele, panga makopo matupu mbele ya kanga. Sauti ya kopo kuanguka ni malipo makubwa kwa mtoto kuliko "hongera" kumi.

Akigusa kwa ncha, amesimama mbali. Msogeze nusu hatua.

Mshiko: kwa anayepiga upande wa kulia, mkono wa kushoto ukae chini karibu na mwisho wa mpini, wa kulia juu yake, na mikono igusane. Wa upande wa kushoto ni kinyume. Mikono ikipishana vibaya gongo halizunguki, basi. Funga uzi wa rangi kwenye mkono unaokaa chini na useme "uzi chini".

Na kuhusu mkono wa kushoto, hapa lazima tuseme wazi. Nyumbani mtoto amekatazwa kula na kupokea kitu kwa kushoto, na wengi huja uwanjani wakidhani hata gongo lina adabu hiyo. Mpe gongo bila maelekezo, apige hewa mara tatu kila upande, na umwache achague. Anayechagua kushoto aachwe huko. Besiboli huwathamini sana wapigaji wa kushoto: wanasimama karibu zaidi na beizi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukimbilia, na mpira wa mrushaji wa mkono wa kulia wanauona vizuri zaidi.

Anapiga kwa mikono tu

Miguu imeganda, gongo linazunguka mbele ya kifua, mpira hauna nguvu. Angalia nyayo: zikiwa karibu karibu, mtoto anaogopa kuanguka, kwa hiyo hawezi kugeuza nyonga. Azipanue kidogo kupita mabega. Kisha apitishe gongo mgongoni, alibane kwa viwiko, na ageuke mpaka kitovu kimtazame mrushaji, mara tano. Akirudi kwenye kinara mkumbushe neno moja tu, "kitovu". Watoto watacheka. Waache wacheke, maana neno linalochekesha halisahauliki.

Anarudi nyuma mpira ukija

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi na haraka ya watu wazima. Mguu wa mbele unatoka nje, uso unageuka, gongo linapigwa kwa kuotea.

Kwanza hakikisha ni woga kweli. Mrudishe kwenye kinara. Akitoka nje hata pale ambapo mpira umetulia, si woga: amesimama vibaya au gongo linamvuta. Mguu ukitulia kwenye kinara na kutoka tu mpira unaporushwa, basi anaogopa kupigwa.

Na ana sababu. Mtoto aliyekua akicheza rede amefundishwa kwa miaka mizima kwamba mpira ukirushwa, unaukwepa. Katikati ya warushaji wawili, anayesimama imara ndiye anayetoka mchezoni. Leo tunamwambia asimame. Usimwite mwoga. Anatumia ustadi alionao, na ustadi huohuo unaweza kuwa dawa.

Cheza naye rede ya mpira wa soksi, lakini kwa sheria mpya: haruhusiwi kuruka. Mpira ukimjia mwilini, ageuke kumpa mrushaji mgongo, kidevu kikishuka begani, gongo likishuka chini. Hivyo ndivyo mpigaji anavyojikinga, na mtoto akijua namna ya kujikinga ataweza kusimama. Mrushie kumi namna hiyo, mingine ikimgusa mgongoni, aone haiumi. Siku hiyo au inayofuata, ashike gongo bila kupiga, autazame tu mpira wa soksi ukipita, na ataje ulipita juu, katikati au chini. Baada ya hapo apige soksi. Mpira wa tenisi uje baada ya hapo, ukirushwa polepole kutoka mita 5 au 6.

Chora mstari nyuma ya visigino vyake kama ukumbusho, lakini usiweke tofali wala gogo, akikanyaga atateguka. Na usimrushie mpira mgumu eti azoee. Akipigwa hata na mpira wa tenisi akalia, rudi hatua moja kwa siku hiyo, na pigo lake la mwisho kabla ya kwenda nyumbani liwe la kinara, ambalo atalipata.

Anachelewa, au anawahi

Mwelekeo wa mpira unakuambia. Kwa anayepiga kulia, mpira ukienda upande wa beizi ya kwanza, yaani kulia ukimtazama mrushaji, amechelewa. Ukienda upande wa beizi ya tatu, yaani kushoto, amewahi. Kwa wa kushoto, geuza.

Akichelewa, mbadilishie gongo kwa mpini wa fagio kwa mipira mitano. Akianza kuipata kwa wakati, gongo lilikuwa zito, na hakuna cha kumfundisha. Akiendelea kuchelewa, anaanza kujiandaa mpira ukiwa umeshafika. Mrushaji ainue mpira juu aonekane, atulie, kisha arushe. Mtoto avute mikono nyuma pale mkono wa mrushaji unapoinuka. Hesabuni pamoja: "moja" mkono unapopanda, "mbili" mpira unapotoka.

Lakini kabla ya kumlaumu mpigaji, mtazame anayerusha. Mtu mzima anayemhurumia mtoto husimama mita 8 na kuutupa mpira juu taratibu. Anadhani amerahisisha, kumbe ameweka mtihani. Mpira unaoshuka kutoka juu hupita kwenye njia ya gongo kwa nukta ndogo tu ya muda, na macho ya mtoto lazima yapande na kushuka nao. Piga goti mita 3 hadi 4 kutoka kwake, mkono wako uwe usawa wa kifua chake, na urushe mpira ulionyooka, wenye kasi kidogo, kama anayerusha kishale. Mpira ulionyooka ni rahisi zaidi hata ukiwa na kasi zaidi. Kwa umbali huo tumia soksi au plastiki nyepesi tu, maana utarudishiwa usoni. Kwa mpira wa tenisi rudi nyuma mpaka mita 5 au 6 na uendelee kunyoosha.

Hapigi kabisa

Amesimama, mipira inapita, gongo liko begani. Au kinyume chake: anapiga kila kitu, hata mpira uliopita juu ya kichwa. Wa pili muache kwa sasa. Mtoto wa miaka sita anayependa kupiga kila mpira ana hamu, na kuchagua mipira atajifunza baadaye.

Wa kwanza ndiye wa kushughulikiwa, naye mara nyingi amesahihishwa kupita kiasi. Kila alipokosa, mtu alimwambia kiwiko, mwingine magoti, na mzazi pembeni akapiga kelele "tazama mpira!" Sasa kutopiga ndiyo njia pekee ya kutokosea. Nyamaza kwa mipira kumi. Waombe wazazi watumie jina lake tu na makofi. Weka sheria kwamba akikosa mitatu, kinara kinaletwa, anapiga, anakimbia, na hakuna anayetoka. Hakuna aibu hapo: katika Little League, daraja la kupigia kwenye kinara ni la watoto wa miaka 4 hadi 7, na hata wapigaji wa kulipwa Marekani hufanya mazoezi kwenye kinara.

Kisha chagua jambo moja la kusahihisha kwa siku. Mguu, au macho, au kitovu. Mengine yanangoja, hata kama yanakuuma kuyaona.

Anatupa gongo baada ya kupiga

Hili halingoji. Gongo linaloruka linaweza kuvunja meno ya mwenzake. Shika mpini kwanza: ukiteleza kwa jasho, kama kawaida ya joto la pwani, upanguse kwa kitambaa kikavu na uzungushie tyubu upya. Mpini mnene kuliko vidole vyake nao huponyoka. Mengine ni furaha: mpira umeruka, anataka kukimbia, anasahau alichoshika.

Laza tairi bovu la baiskeli mita moja na nusu upande wa kuelekea beizi ya kwanza. Gongo linalazwa ndani ya tairi, ndipo mbio zinaanza. Wenzake wote wapige kelele "tairi!" anapopiga. Fanyeni hivyo bila mpira mara tano kabla ya kuanza kila siku, maana furaha ya mpira wa kweli hufuta maelekezo yaliyosemwa kwa mdomo tu.

Wanachoka, wanagombana, wanachezea mchanga

Piga hesabu ya foleni. Watoto 20, kinara kimoja, kila mmoja mipira mitano, kila mpira sekunde 15. Aliyemaliza atarudi baada ya karibu dakika 24. Hakuna mtoto wa miaka sita anayengoja hivyo bila kumsukuma mwenzake, na kumwadhibu kwa hilo ni kumwonea.

Wagawe makundi manne ya watano. Kundi moja kwenye kinara na kanga, la pili wapige soksi inayorushwa, la tatu wazuie mipira inayobiringishwa chini, la nne wakimbie beizi. Dakika 8 kila kituo, kisha wabadilishane. Zote zinakuwa 32. Ongeza 5 za kupasha mwili na 10 za mchezo mwishoni, na siku imetosha. Kila kituo kinahitaji mtu mmoja wa kusimamia, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeelekezwa sheria ya duara anaweza, isipokuwa kwenye kurusha. Hapo aweko mtu mwenye mkono mtulivu.

Mtoto wa miaka 5 hadi 6 atosheke na mapigo 25 hadi 30 kwa siku, si zaidi ya 10 bila kupumzika. Mapigo yakianza kulegea, magoti yakinyooka na gongo likikaa begani, ni uchovu, na kila pigo baada ya hapo linajenga tabia mbaya. Funga mazoezi wangali wanadai "mmoja wa mwisho, kocha!" Mpe kila mtoto huo mmoja, kwenye kinara, kopo likiwa mita 3 mbele, kisha wakusanye makopo.